Tangazo, Nakala ya Saba

Nakala ya kwanza niliipiga chapa Jumatatu.
Taipureta ya komuni ilikuwa imevunjika M kubwa,
kwa hiyo kila mstari ulianza na pengo:
    arufuku kusalimiana kwa mikono
    arufuku kuchota ziwani
    arufuku kuosha maiti nyumbani.
Mkuu wa komuni, Bwana Bauma, alisaini bila kuketi.
Nikagonga muhuri, wino wa zambarau.
Tukabandika kwenye milango ya serikali,
yaani tulijitangazia wenyewe.

Alhamisi nikanunua sambaza soko la Virunga.
Nyumbani nikafungua kifurushi:
saini ya mkuu, imelowa mafuta,
na visamaki vimelala juu ya neno kipindupindu.

Nakala ya pili ilitaja faini.
Ya tatu ilitaja polisi.
Ya nne sikuimaliza, maana watu wa Majengo
walilirudisha gari la dawa halina kioo.
Na mawe ya Goma, mnayajua, hayatafutwi:
ukiinama kufunga kiatu unainuka nalo,
jeusi, jepesi, lina matundu kama mkate wa jana.

Mkuu akajifungia.
Nilimsikia akiongea na simu, kisha na ukuta.
Jioni akatoka. "Kyakimwa, kwako mnakunywa maji gani?"
Miaka tisa nampigia barua;
lilikuwa swali lake la kwanza lisilo na anwani.
"Ya ziwani," nikasema. "Bidoni ilikuwa franka mia mbili.
Tangu tangazo lako, mia tano."

Jumamosi akaita mkutano. Nakala ya tano, mfukoni,
hakuitoa.
Mama Kanyere, muuza sabuni, alisimama na mche mkononi.
"Mnasema tunawe. Tunawe kwa mate?
Mwanangu mlimwingiza hemani ana jina,
mkanirudishia namba."
Tulimsubiri mkuu akohoe, ashukuru wageni waalikwa,
aanze na kifungu cha sheria.
Alivua miwani.
"Sijui," alisema. "Nielezeni."
Wakamweleza mpaka jua likazama. Wengine walimtukana.
Nikaandika yote, hata matusi. Ndiyo nakala ya sita.

Wiki iliyofuata dizeli ya jipu lake ikaenda kwenye pampu,
naye akaja kazini kwa miguu, suruali vumbi tupu.
Hema likakatwa dirisha, ndugu waone wagonjwa wao.
Vijana wa chukudu wakapewa kazi ya maji,
bure mpaka saa sita mchana,
kwa sababu baada ya saa sita pesa ziliisha.
Hatukuwa malaika. Mapipa kumi na manne ya klorini
yalipotea kati ya uwanja wa ndege na stoo,
na mtu anayejua yalikoishia
alipandishwa cheo.

Nakala ya saba sikuipiga mimi.
Nzanzu aliichora kwa chokaa ubavuni mwa chukudu yake:

    Maji haya yana dawa,
    harufu isikutishe;
    kuugua si kulogwa,
    panda twende, nikushushe.

Mkuu aliisoma mara mbili, kidole hewani.
Alitaka kuongeza neno serikali,
nikaona midomo yake ikilipima.
Akaliacha.
"Nigonge wapi muhuri?" nikauliza.
"Usigonge."

Mvua zilipokatika na mahema yakakunjwa
nilibaki ofisini na jedwali la namba.
Nikaomba daftari za wauguzi, nikaweka karatasi safi,
nikaanza kupiga majina.
M kubwa ilikuwa bado haijatengenezwa.
    asika
    uhindo
    umbere, miaka minne, wa Kanyere.
Umeme ulipokatika mkuu alishika tochi.
Nikachukua kalamu,
nikawarudishia herufi zao, mmoja mmoja,
kwa mkono.